Anagusa, ala hailii: kutatua matatizo ya vifaa vya muziki jumuishi

Mwongozo huu ni wa walimu, wazazi, wanamuziki na mafundi wanaounda ala za kielektroniki pamoja na watu ambao gitaa, kinanda na ngoma za dukani hazikuwafikiria: mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole havimfunguki, asiyeona, kiziwi, mwenye usonji ambaye kelele ya ghafla humuumiza. Vifaa vyenyewe ni vile vinavyopatikana na kurekebishika: bodi ya kugusa kama Makey Makey, swichi kubwa za kubonyeza kwa kiganja au kiwiko, visahani vya piezo (vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme) vinavyobandikwa kwenye ngoma, kamera ya laptopu, simu janja. Kasoro nimezipanga kama watu wanavyozisimulia wanapoomba msaada.

Ala ya namna hii ina hatua nyingi kati ya mtu na sauti: mwili, pedi, waya, bodi, kompyuta, programu, spika. Ikigoma, wengi huanza kuchunguza upande wa mwili. "Huyu hawezi," wanasema, na kifaa kinarudi kabatini. Anza upande wa spika urudi nyuma, na mkono uwe wa mwisho kutiliwa shaka. Malalamiko yanayonifikia mengi huishia kwenye plagi, klipu, au meza iliyowekwa juu kuliko mkono unavyofika.

Kabla ya kushika bisibisi, muulize mpigaji. Anayeigusa ala kila siku anajua inagoma lini na upande gani, hata kama anajibu kwa macho tu. "Hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi" ni kauli ya vyama vya watu wenye ulemavu, na kwa fundi ndiyo njia ya mkato ya kuipata kasoro.

Dalili: anagusa, hakuna sauti kabisa

Sababu inayoongoza ni kwamba sauti imezimwa au inatokea kwingine. Laptopu iliyowahi kuunganishwa na spika ya Bluetooth inaweza kuendelea kuipelekea sauti spika ile ile, hata kama iko chumba cha pili. Cheza wimbo wowote uliomo kwenye kompyuta. Ukisikika, spika ni nzima. Rudi nyuma hatua moja.

Inayofuata: programu ya muziki haiko mbele. Makey Makey, iliyobuniwa na Jay Silver na Eric Rosenbaum wa MIT na kuingia sokoni mwaka 2012, hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Haitumi sauti, inatuma mishale, herufi, kitufe cha nafasi na mbofyo wa kipanya. Dirisha jingine likifunguka juu ya programu yako, herufi zinaishia huko. Kwa hiyo fungua programu ya kuandikia, unganisha pedi kwenye tundu la herufi w, mpigaji aguse. Ikiandikwa "w" kwenye ukurasa, basi mkono, waya na bodi vyote ni vizima na tatizo liko kwenye programu. Sijui jaribio jingine linalookoa muda kuliko hili.

Ikiwa hakuna kinachoandikwa, angalia waya wa ardhi. Bodi huhisi mguso pale tu mzunguko unapokamilika, kutoka kwenye pedi, kupitia mwilini, hadi kwenye ule mstari wa chini ulioandikwa Earth. Mpigaji lazima awe ameugusa waya huo muda wote. Asiyeweza kushika kitu mfanyie bangili ya foili iliyokunjwa ndani ya utepe wa kitambaa, au mwekee foili kwenye kipumzishio cha miguu cha kiti mwendo na avue kiatu kimoja. Bangili isibane; kidole chako kimoja kipite kwa urahisi kati yake na ngozi.

Hapa kuna jambo zuri la kulitumia. Kwa kuwa mzunguko hupita mwilini, watu wawili wanaweza kuwa ala moja: mmoja kashika waya wa ardhi, mwingine kaweka mkono kwenye pedi, na sauti hutoka wanapogusana viganja. Ukiongeza wa tatu na wa nne, mstari mzima wa darasa unalia kwa kushikana mikono. Mtoto asiyeweza kuinua mkono anakuwa sehemu ya wimbo kwa sababu wenzake ndio wanaomfuata.

Baada ya hapo, ngozi kavu. Bodi hii ina rezista (vizuizi vya umeme) za megaohm 22, ndiyo maana inasikia hata kupitia ndizi au udongo wa mfinyanzi, lakini ncha kavu ya kidole kimoja inaweza kuishinda. Lowanisha kidole kidogo, au paka losheni. Dawa ya kudumu ni kuongeza ukubwa wa pedi: kiganja kizima kikikaa juu ya foili, ukavu hausumbui tena.

Mwisho ni waya uliokatika ndani au foili iliyochanika pale klipu ya mamba inapouma. Ikunje foili mara nne sehemu hiyo kabla ya kuibana. Waya upime kwa multimita iliyowekwa kwenye mlio, huku ukiutikisa. Waya uliokatika ndani hulia na kunyamaza. Kwa swichi zenye plagi ya milimita 3.5, hakikisha plagi imeingia mpaka mwisho, hasa pale kasha la bodi lilipo nene.

Dalili: anahisi anachomwa au kuwashwa na umeme

Acha papo hapo. Toa chaja kwenye laptopu, mvue mpigaji bangili, kisha ndipo uulize maswali. Chaja nyingi, hasa za plagi ya pini mbili na zile za bei poa zisizo na ubora, huvujisha umeme kidogo unaofika kwenye mwili wa laptopu na kutoka hapo hadi kwenye waya wa ardhi wa bodi. Mtu aliyeshika waya huo ni sehemu ya njia.

Sheria ninayoifuata bila mjadala: ala yoyote inayounganishwa na mwili itumike na laptopu inayokula betri, chaja ikiwa imetolewa. Ikiwa spika au amplifaya nayo imeunganishwa kwa waya na inakula umeme wa ukutani, tatizo linaweza kurudi kwa njia hiyo. Tumia spika ya betri. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichowekwa mwilini asiunganishwe na bodi hizi kabisa. Mpe swichi ya plastiki ya kubonyeza.

Kama mtu anahisi umeme hata kwa kugusa amplifaya au stendi ya maikrofoni, hiyo si kazi ya mwalimu wala ya fundi redio. Ni ya fundi umeme mwenye leseni, aje apime waya wa ardhi wa jengo.

Dalili: anagusa sasa, sauti inakuja baadaye

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa, kwa sababu inaonekana ndogo. Mtu anayeanza kujifunza kwamba "mimi ndiye niliyeleta ile sauti" anahitaji sauti ije wakati mkono ungali kwenye pedi. Ikichelewa, anagusa tena, sauti mbili zinagongana, na hajui ipi ni yake. Kwa ala za kupiga mdundo lengo la kushikilia ni milisekunde 10 hivi. Kwa sauti ndefu za kuvuma mtu huvumilia zaidi.

Mshukiwa wa kwanza ni spika ya Bluetooth. Nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 na zaidi, na hakuna mpangilio utakaoziponya. Tumia waya.

Wa pili ni faili lenyewe. Darasa likirekodi sauti zake kwa simu, kila rekodi huanza na ukimya: mtu amebonyeza, akavuta pumzi, ndipo akaimba. Nusu sekunde ya ukimya huo hucheza kila pedi inapoguswa. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ikuze hadi uone wimbi linapoanza, kata kila kitu kilicho kabla yake. Nimewahi kuona watu wakibadilisha kompyuta kwa kosa la namna hii.

Wa tatu ni bafa ya sauti. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 1,024 ni milisekunde 23; la 512 ni karibu 12; la 128 ni 3 tu. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya programu, punguza hatua kwa hatua mpaka uanze kusikia mikwaruzo, kisha panda hatua moja. Kwenye Windows mara nyingi utahitaji draiva ya ASIO, inayoifupishia sauti njia ndani ya kompyuta. ASIO4ALL ni ya bure na inatosha. Simu za Android za zamani hazina mpangilio huo, na nyingi huchelewa tangu kiwandani. Hizo zitumie kwa sauti za kuvuma, usizipe kazi ya ngoma.

Kisha umbali. Sauti husafiri karibu mita 3.4 kwa kila milisekunde 10. Spika iliyowekwa jukwaani wakati mpigaji yuko mita 17 nyuma humfikia ikiwa imechelewa milisekunde 50. Mwekee spika yake ndogo mezani, mbele yake. Faida ya pili ni kwamba wenzake wanaisikia sauti ikitokea kwake.

Ukishamaliza yote hayo na bado mdundo haukutani, inawezekana mwili wenyewe unahitaji muda kuanza mwendo: kiwiko kinaamriwa sasa, kinafika baadaye. Hiyo si kasoro ya kutengeneza. Badilisha muziki. Mpe nafasi ya mwimbishaji, anayeanzisha, na kundi zima liitikie baada yake. Katika ngoma zetu anayeitwa kiongozi hafuatwi na saa, anafuatwa na watu. Programu nyingi zina uwezo wa kusogeza kila mguso hadi kwenye mdundo ulio karibu. Mimi siupendi na nautumia kwa ruhusa ya mpigaji tu, kwa sababu sauti anayoisikia inakuwa haitokani tena na mkono wake, naye hana namna ya kujirekebisha.

Dalili: inalia yenyewe, au inalia mara mbili kwa mguso mmoja

Kwenye visahani vya piezo, chanzo kikuu ni mtikisiko wa jirani. Ukipiga pedi ya kushoto, meza inatikisika, pedi ya kulia nayo inadhani imepigwa. Weka kila kisahani juu ya kipande cha soli ya kandambili kuukuu. Mpira ule unameza mtikisiko. Kisha pandisha kiwango cha kuamsha sauti kwenye programu. Arduino, bodi ndogo unayoipangia kazi kwa programu, husoma piezo kwa namba kati ya 0 na 1,023. Andika namba inayotoka pedi yenyewe ikipigwa, na ile inayotoka kwenye pedi hiyo hiyo jirani yake akipigwa, halafu weka kiwango katikati. Mpigaji mwenyewe ndiye apige wakati wa kupima. Ukipima kwa mkono wako wenye nguvu, utaweka kiwango ambacho mkono wake hautakifikia kamwe, na utakuwa umetengeneza ala inayomwambia hapana.

Ikiwa namba zinapanda na kushuka bila mtu kugusa, huenda hukuweka rezista ya megaohm 1 sambamba na kisahani. Bila hiyo, chaji haina pa kutokea. Na kwa kuwa pigo kali linaweza kutoa volti nyingi kuliko 5 ambazo bodi inazivumilia, ongeza diodi ya zena ya volti 5.1, inayozuia volti zinazozidi, kwenye mlango wa bodi unaopokea waya wa kisahani. Bodi iliyoungua mlango mmoja haiponi, lakini milango mingine huwa mizima. Hamia mlango wa pili.

Kulia mara mbili kwa swichi za kubonyeza kunatokana na vyuma vya ndani kudunda vinapokutana. Iambie programu ipuuze kila kitu kwa milisekunde 20 baada ya mguso. Kwa piezo, ambayo ngozi ya ngoma huendelea kuitikisa, weka 30 hadi 50.

Kwenye bodi ya kugusa, angalia unyevu. Tanga, Mombasa na Unguja, wakati wa masika, boksi la karatasi lililofyonza unyevu hupitisha umeme kutoka pedi hadi pedi. Weka plastiki chini ya foili na uache nafasi ya vidole viwili kati ya pedi na pedi.

Halafu kuna mkono unaotetemeka. Mguso mmoja unakuwa sita. Unaweza kuongeza muda wa kupuuza hadi milisekunde 300 au 500, na kwa kinanda hilo husaidia. Lakini uliza kwanza. Ubandike ule mtetemo kwenye sauti ya kayamba, mpe mpigaji dakika chache, umtazame usoni. Mtetemo ambao kila kifaa kingine kinauhesabu kama kosa ndio hasa unaochezesha kayamba. Wapo wanaochagua hivyo na wapo wanaosema wamechoka kutetemeka, wanataka noti moja iliyotulia. Chaguo ni lao, na kigezo hicho kiwe kitufe wanachoweza kukibadilisha wenyewe, kisizikwe ndani ya programu.

Dalili: mvumo usiokwisha, au spika inapiga mluzi

Mvumo mzito wa chini ni umeme wa ukutani, hezi 50. Toa chaja ya laptopu; ukinyamaza, umepata mkosaji. La sivyo, na ikiwa ala haiunganishwi na mwili, chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa mvumo, hata fundi akikwambia ni kawaida. Ile pini ndiyo inayomlinda mtu.

Mluzi hutokea maikrofoni inaposikia spika yake. Geuza spika, sogeza maikrofoni karibu na mdomo, punguza sauti. Kisahani cha piezo kilichounganishwa moja kwa moja na amplifaya ni maikrofoni pia, nacho hupiga mluzi. Kwa mtu mwenye usonji mluzi mmoja wa ghafla unaweza kumfanya asirudi chumbani kwa wiki nzima, kwa hiyo shusha sauti hadi sifuri kila unapochomeka au kuchomoa kitu, na uweke alama ya rangi kwenye kidude cha sauti ambayo hakuna anayeruhusiwa kuivuka.

Dalili: kamera haimfuati

Kwa mtu ambaye mwendo wake ni wa kichwa tu, au wa bega, kamera inaweza kuwa ala. Programu ya AUMI ni ya bure na ilizaliwa kwa kazi hii hasa: mtunzi Pauline Oliveros na mtaalamu wa tiba kwa vitendo Leaf Miller waliianza mwaka 2007 jimbo la New York, wakiwa na watoto wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Unaweka nukta juu ya pua au kiwiko kwenye skrini, na nukta ikivuka mstari, sauti inatoka.

Nukta ikikimbia, angalia mwanga kwanza. Dirisha likiwa nyuma ya mpigaji, uso unakuwa kivuli. Mgeuze alitazame dirisha. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu kamera za bei ndogo hupoteza uso wa mtu mweusi upesi. Hilo ni kosa la kamera, na dawa yake ni taa ya mbele. Kisha tafuta alama inayoonekana: kibandiko cha rangi kali kwenye kofia au mkono wa shati. Usimbandike mtu usoni bila kumuuliza. Nyuma pasiwe na watu wanaopita, na kamera iwe kwenye urefu wa macho ya aliyeketi, kwa kuwa meza za walimu huwa juu mno.

Akiwa anajitahidi sana ndipo nukta ivuke, sogeza mstari karibu. Shingo ikianza kukakamaa, au akitoa sauti ya maumivu, simamisha na usirudie mpaka mtaalamu wa fiziotherapia amwone akicheza. Programu haijui tofauti kati ya shauku na mkazo wa misuli.

Dalili: asiyeona anaambiwa "kitufe, kitufe, kitufe"

Programu nyingi za muziki zina vitufe vya picha visivyo na majina, na kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona yaliyomo kwenye skrini, hakina cha kusoma. Kabla ya kuhangaika, badilisha programu. Kwenye kompyuta ya Windows, kisoma skrini cha NVDA ni cha bure, na kikishirikiana na programu ya kurekodi ya Reaper iliyowekewa nyongeza ya OSARA, asiyeona anaweza kurekodi, kukata na kuchanganya sauti bila kipanya. Kwenye iPhone, programu ya muziki ya GarageBand husomeka kwa VoiceOver, kisoma skrini cha simu hiyo. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak, inayokuja na NVDA, ni kavu lakini inaeleweka.

Ikiwa ni simu ya Android na kisoma skrini chake, TalkBack, kimewashwa, piano ya skrini haitapigika vizuri, kwa sababu TalkBack hushika kila mguso kwanza ili iueleze. Chomeka kinanda cha MIDI (kinachotuma ujumbe wa noti badala ya sauti) kwa waya wa OTG, unaounganisha vifaa vya USB na simu. Hicho hakipiti kwenye skrini. Kwa vitufe vichache visivyo na majina, TalkBack hukuruhusu kuvipa majina yako.

Lalamiko jingine ni kwamba kisoma skrini kinaongea juu ya muziki. Tenganisha njia: kisoma skrini kwenye sikio moja, muziki kwenye spika. Na ukishapanga pedi mezani usizihamishe bila kumwambia mwenyewe.

Dalili: kiziwi anasema hahisi chochote

Watu hukimbilia kuongeza sauti. Sakafu ya saruji ndiyo kikwazo: haitikisiki. Mfanyie sanduku la mbao lenye uwazi ndani, spika ya besi ifungwe kwa skrubu chini yake, naye akae au asimame juu bila viatu. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland mwenye uziwi mzito, hupanda jukwaani miguu mitupu kwa sababu hiyo. Pasipo mbao, puto lililojazwa na kushikwa kwa viganja viwili karibu na spika hutosha kwa kuanzia.

Kisha angalia noti. Ngozi huhisi vizuri mtetemo wa hezi 200 hadi 300, na juu ya 1,000 karibu haihisi kitu. Filimbi nzuri kabisa haina maana kwake. Hamishia wimbo wake chini. Ukitumia taa za kuwaka na kuzima kuonyesha mdundo, zisizidi mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa waliomo chumbani. Na wengi wanaoitwa viziwi wana usikivu uliobaki: kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtu akilalamika masikio yanalia baada ya mazoezi, kazi inasimama na anakwenda kliniki ya masikio.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, lakini hataki kukigusa

Hapa multimita haisaidii, na ndipo ala nyingi zinapofia.

Sababu ya kwanza: sauti si yake. Bodi inakuja na piano au sauti za wanyama, na kijana wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo anapewa mlio wa bata. Angekataa yeyote. Toka naye mkarekodi anachokitaka: mchi ukitwanga kinuni, honi ya bodaboda, vigelegele vya shangazi, besi ya singeli. Yeye ndiye aamue ipi inabaki. Asiyeongea mtengenezee kwanza pedi mbili, "endelea" na "acha", na uziheshimu tangu dakika ya kwanza. Ukiendelea baada ya kuambiwa acha, pedi hizo hazitaaminika tena.

Pili: noti si za kwao. Muziki wa Wagogo, ule ambao Hukwe Zawose (1938–2003) aliufikisha mbali kwa ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze, hufuata sauti asilia zinazotokea ndani ya sauti moja, na mojawapo, ile ya saba, iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31, ambapo senti 100 ni nusu toni. Mtoto aliyekulia Dodoma akisikiliza hizo husikia pedi zako zikiwa zimekosea. Noti hiyo inarekebishika kwa ujumbe wa MIDI wa kupinda sauti: kwa upana wa kawaida wa nusu toni mbili, ishushe hatua 1,270 kati ya 8,192. Au rekodi ilimba halisi na uachane na hesabu. Mwite babu au bibi anayepiga aje asikilize. Atajua kwa sekunde kama imekaa.

Tatu: haikosei kamwe. Tukiogopa mtu asishindwe, tunampa noti tano zinazopatana zote, na kila anachofanya kinapendeza. Baada ya muda anachoka, kwa kuwa hakuna cha kujifunza. Mwongezee noti moja inayogombana na nyingine. Mpe uwezo wa kuharibu.

Nne: mkono unaopiga si wake. Msaidizi, kwa upendo kabisa, anaushika mkono wa mtoto na kuugongesha kwenye pedi. Wimbo unatoka, wazazi wanapiga makofi, na mtoto amegeuza uso. Weka mkono wako chini ya wake, si juu, ili aweze kuuondoa. Kama hawezi bila kushikwa, pedi iko mahali pasipofaa: isogeze kwenye goti, shavu, kisigino, popote penye mwendo anaoutawala mwenyewe.

Tano: aliulizwa mwishoni. Ala ilichorwa, ikakatwa, ikapakwa, ndipo akaitwa kuchagua rangi. Ala kama hiyo hairekebishwi kwa kuongeza vitufe. Ivunje, mrudi kwenye boksi la karatasi na selotepu, pedi ihamishwe mbele yake mpaka aseme hapo. Boksi moja linaweza kutobolewa mara nyingi kwa siku moja, na ni rahisi kuliko plastiki iliyochapwa. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unataja kukuza vipaji vya ubunifu kwa faida ya mtu mwenyewe na ya jamii. Kwa fundi maana yake ni kwamba jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliotengeneza.

Wakati wa kuacha na kuita mtaalamu

Betri iliyovimba, ya simu, ya laptopu au ya spika: izime, usiichaji, usiitoboe, itoe nje ya chumba, mpigie fundi. Harufu ya kuungua au kasha la moto: chomoa ukutani kwanza, ndipo uguse kifaa.

Bega, kifundo au shingo inayouma siku ya pili ni ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo au fiziotherapia, na aje aione ala yenyewe, asisimuliwe. Wekundu wa ngozi chini ya bangili usioondoka ndani ya nusu saa ni wa kliniki, hasa kwa mtu asiyehisi sehemu hiyo. Mtu akipata degedege wakati wa muziki, zima taa na sauti, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hesabu muda. Ikizidi dakika tano ni dharura ya hospitali.

Na ukiipeleka ala kwa fundi, nenda na anayeipiga. Mwandike kwenye karatasi anagusa kwa kiungo gani, akiwa ameketi vipi, sauti inakata baada ya muda gani, na nini kilibadilishwa mara ya mwisho. Fundi asijaribu kwa mkono wake halafu aseme "mbona nzima." Ajaribu mwenye ala, palepale dukani, kabla ya kulipa.